Kizingitini iko Lamu ipi? Jibu kuhusu visiwa, bara na mipaka ya kaunti

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Nakuru: "Binti yangu ameajiriwa ualimu wa shule ya msingi. Barua inasema aripoti Kizingitini, wadi ya Faza, kaunti ndogo ya Lamu Mashariki. Lamu ninayoijua mimi ni ule mji wa kale wenye punda. Jirani yangu aliyefanya kazi Mpeketoni anasema alikaa Lamu na hakupanda boti hata siku moja. Sasa Lamu ni kisiwa au ni bara? Watu wake wanaishi wapi? Na kwa nini kaunti yenye watu wachache hivyo ina wabunge wawili?"

Mama, jirani yako hakukudanganya, na barua ya binti yako iko sawa vilevile. Mtu anaweza kuishi kaunti ya Lamu miaka mingi, akalima, akasomesha watoto, akapiga kura, na asiingie chomboni. Mwenzake wa kaunti hiyohiyo hawezi kumfikisha mgonjwa kwenye hospitali kuu bila kuvuka bahari. Wote wawili ni watu wa Lamu. Wanaotunga sera wakiwa Nairobi mara nyingi humfikiria mmoja wao tu na kumsahau mwingine, ndiyo maana nimefurahi umeuliza.

Kaunti ya Lamu ni nambari 5 katika orodha ya kaunti 47. Iko kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, kiasi cha digrii 2 kusini mwa ikweta. Imepakana na Tana River upande wa magharibi na kusini-magharibi, Garissa upande wa kaskazini, Somalia kaskazini-mashariki, na upande uliobaki ni Bahari ya Hindi. Nchi kavu yake ni kilomita za mraba 6,253, na sehemu kubwa kabisa ya hizo ni bara: kuanzia Witu, kupita Mkunumbi, Mpeketoni na Hindi, hadi kwenye misitu ya Boni na Dodori inayokwenda kuishia mpakani. Ukivijumlisha visiwa vyote pamoja bado ni kipande kidogo cha eneo hilo. Lakini jina la kaunti limetoka kisiwani, na kwa karne nyingi madaraka, biashara na elimu ya dini vilikuwa visiwani. Ndipo picha uliyo nayo ilipotoka.

Visiwa ni zaidi ya 60 ukihesabu na vile visivyokaliwa na mtu. Vyenye makazi ya kudumu ni vichache, na vikubwa au mashuhuri ni Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Vimefuatana kandokando ya bara kuelekea kaskazini-mashariki, na baina yake na bara kuna mikono ya bahari, vijito na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na boriti zilizojenga nyumba za mawe za mwambao zilikatwa humo.

Kisiwa cha Lamu chenyewe si kikubwa. Mtu mwenye miguu mizuri huondoka mjini alfajiri akafika Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, jua halijawa kali. Kuna mji wa Lamu, ambao wenyewe tunauita Amu, kuna Shela, Matondoni na Kipungani. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ngome iliyo katikati yake ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya Waamu kuwashinda Wapate na washirika wao wa Mombasa katika vita vya Shela. Nyuma ya Shela kuna milima ya mchanga, na chini ya mchanga huo ndiko yaliko maji yanayonywewa mjini. Hilo wageni wengi hawalijui. Anayejenga hoteli juu ya mchanga ule anajenga juu ya kisima cha mji mzima, na mimi sijaona hoja ya kibiashara inayotosha kuhalalisha jambo hilo.

Manda iko mkabala na mji. Uwanja wa ndege uko huko, kwa hiyo hata anayekuja kwa ndege humalizia safari yake kwa boti. Kisiwa hicho hakina maji matamu ya kutosha, na wakazi wake ni wachache. Magofu ya Takwa yapo humo, mji uliohamwa katika karne ya 17.

Pate ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote, na ndiko anakokwenda binti yako. Humo kuna mji wa Pate wenyewe, uliokuwa makao ya masultani wa Nabahani, kuna Siyu yenye ngome yake, na kuna Shanga, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Kaskazini-mashariki miji imekaribiana: Faza, Tundwa, Mbwajumwali, Myabogi na Kizingitini. Kutoka Kizingitini hadi Faza ni mwendo mfupi wa bodaboda. Kizingitini ni mji wa wavuvi, na kamba wake wanasifika pwani nzima. Wenyeji wa upande huo wengi ni Wabajuni na lugha yao ni Kibajuni. Siyu wanasema Kisiu na Pate Kipate. Binti yako akisikia Kiswahili kinachomponyoka siku za mwanzo asishtuke, wanafunzi wake wenyewe watamfundisha.

Nikae kidogo kwenye maji, maana huko ndiko mipaka halisi ya Lamu iliko.

Boti la kwenda Pate likitoka Amu halipiti bahari kuu. Linapinda nyuma ya Manda na kuingia Mkanda, njia nyembamba ya maji baina ya Manda na bara, yenye mikoko kulia na kushoto. Mkanda una kina kifupi. Maji yakipwa, chombo chenye shehena hukwama kwenye tope, na abiria hukaa humo kusubiri maji yarudi. Ndiyo maana ratiba ya vyombo vya Pate haifuati saa ya ukutani. Kujaa kwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za bamvua bahari hujaa sana na kupwa sana. Leo boti linaweza kuondoka saa mbili asubuhi, baada ya siku chache likaondoka karibu na adhuhuri. Anayetaka kusafiri huuliza maji yanajaa saa ngapi, na nahodha humjibu bila kutazama kitabu chochote. Ukitoka Mkanda unaingia ghuba ya Manda, ambayo iko wazi zaidi, na hapo ndipo upepo unaposema neno lake. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi na bahari huwa ya kiungwana. Kusi huanza Aprili, na miezi ya Juni na Julai huwa mikali. Miezi hiyo mwambie binti yako avae jaketi la kuokolea maisha tangu gatini, hata kama abiria wengine hawakuvaa, na asikubali kupakiwa kwenye chombo kilichojaa kupita kiasi. Hili silisemi kwa kumtisha. Vyombo vimezama katika njia hiyo, na waliopotea mara nyingi ni wale waliosema safari ni fupi.

Boti kwa kawaida hugusa Mtangawanda, gati linalohudumia Pate na Siyu, kisha huendelea Faza na Kizingitini. Mji wa Pate wenyewe haufikiki kwa boti maji yakiwa yamepwa, kwa hiyo abiria wake hushuka Mtangawanda na kumalizia kwa miguu, punda au bodaboda.

Kisiwani Pate maji ya kunywa ni suala la kila nyumba. Visima vingi ni vya maji ya chumvi, kwa hiyo watu hukinga mvua katika majabia. Jabia ni sakafu pana ya saruji iliyoinamishwa ili maji ya mvua yateremke na kuingia kwenye tangi lililochimbwa chini. Mvua za masika zikiwa nzuri jabia hujaa na mji hupumua. Zikikosa, madumu ya maji hununuliwa kwa bei. Mwalimu mgeni akifika jambo la kwanza aulize nyumba yake inachota jabia lipi na kwa utaratibu gani, kabla hata ya kuuliza habari za umeme.

Sasa utawala, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu jina Lamu Mashariki linadhaniwa kuwa maana yake ni visiwa, na Lamu Magharibi maana yake ni bara. Sivyo. Kaunti ina kaunti ndogo mbili, ambazo pia ndizo maeneo bunge mawili, na zote mbili zina bara na zina visiwa.

Lamu Magharibi ina wadi 7: Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Kisiwa cha Lamu pamoja na mji wake wa kale kimo humo. Lakini wadi nyingi za eneo hilo ni za bara, ndiko aliko jirani yako wa Mpeketoni. Kwa hiyo mfanyabiashara wa kitumbua pale ukutani Amu na mkulima wa pamba wa Hongwe wana mbunge mmoja, ingawa maisha yao hayafanani.

Lamu Mashariki ina wadi 3 tu: Faza, Kiunga na Basuba. Faza ni wadi ya kisiwa cha Pate, na mji wa Faza ndio makao ya kaunti ndogo. Kiunga iko bara, karibu kabisa na mpaka wa Somalia, na imechukua ukanda wa pwani pamoja na kisiwa cha Kiwayu. Hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, iko katika maji hayo. Basuba ni wadi ya msituni, nchi ya Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, watu waliokuwa wakiishi kwa asali, matunda ya mwitu na uwindaji hadi uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977. Vijiji vyao kama Basuba, Milimani, Mangai na Mararani vimetawanyika kwenye njia ya kwenda Kiunga. Ofisa wa Faza anayetaka kukagua shule ya Mangai lazima avuke bahari kwanza, kisha aingie msituni. Hizo ni safari mbili katika kaunti ndogo moja, na bajeti yake ya mafuta imepangwa kwa kanuni ileile inayotumika kaunti ndogo ambayo unaizunguka kwa gari siku moja.

Juu ya mipaka hiyo kuna serikali mbili zinazofanya kazi sambamba, na binti yako atazihitaji zote. Ya kwanza ni serikali ya kaunti: gavana, mawaziri wake, bunge la kaunti lenye wawakilishi wa wadi, na wasimamizi wa wadi. Hii inashughulikia hospitali na zahanati, maji, magati madogo, masoko, leseni za biashara na shule za chekechea. Ya pili ni utawala wa serikali kuu: kamishna wa kaunti, naibu kamishna katika kaunti ndogo, maofisa wa tarafa, kisha chifu na naibu chifu. Hii ni ya usalama, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Elimu ya msingi iko chini ya serikali kuu, na mwajiri wa mwalimu ni TSC, yaani tume ya kuajiri walimu, si gavana. Kwa hiyo mshahara ukichelewa, ofisi ya gavana haina la kufanya. Aende ofisi ya TSC ya kaunti ndogo. Akiugua, hospitali ya Faza ni ya kaunti, na akipewa rufaa atapelekwa kwa boti hadi hospitali kuu ya King Fahd iliyoko kisiwani Lamu. Akipotelewa na kitambulisho, aanzie kwa chifu.

Njia ya kufika ni hii. Kutoka Mombasa basi hupita Malindi, Garsen, Witu na Hindi hadi Mokowe. Barabara ya Garsen hadi Lamu sasa ni ya lami, jambo ambalo kwa vizazi viwili tulikuwa tukiahidiwa tu. Mokowe ni bara, na hapo ndipo lami inapoishia kwenye gati. Boti la kuvuka hadi Amu ni safari fupi. Akifika Amu, ajipe usiku mmoja, aulize maji, kisha apande chombo cha Kizingitini. Asipange kutoka Nakuru na kulala Kizingitini kesho yake, kwa sababu bahari haitamngoja.

Umeuliza watu wanaishi wapi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, na hiyo ndiyo idadi ndogo kuliko ya kaunti yoyote nchini. Ni watu 23 kwa kila kilomita ya mraba. Kati yao 121,662 walikuwa Lamu Magharibi na 22,258 Lamu Mashariki. Wengi wa wakazi wa kaunti sasa wako bara, katika mashamba ya Mpeketoni, Hongwe, Hindi, Mkunumbi na Witu.

Jambo ninalotaka ulione zaidi ni mwendo wa namba hizo. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na watu 101,539: Magharibi 82,698 na Mashariki 18,841. Katika miaka 10 Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23 hivi. Lamu Magharibi iliongezeka kwa asilimia 47. Lamu Mashariki asilimia 18. Katika kila watu 100 walioongezeka katika kaunti, 92 walikuwa upande wa Magharibi. Uzazi peke yake hauwezi kuleta tofauti kama hiyo baina ya majirani. Hiyo ni habari ya watu kuhama, na ina historia yake.

Hapo zamani watu wa visiwani walilima bara. Waamu na Wapate walikuwa na mashamba upande wa pili wa maji, Hindi, Mokowe, Mkunumbi na kwingineko, wakivuka kwa majira ya kilimo, na kazi kubwa ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, mashamba mengi yalidhoofika. Waswahili na Wabajuni waliendelea kulima bara kwa nguvu zao wenyewe, na Wabajuni walikuwa na vijiji vingi kwenye ukanda wa kaskazini, kutoka ng'ambo ya Pate hadi Kiunga na kuendelea ndani ya Somalia hadi visiwa vya karibu na Kismayu.

Kisha ikaja vita ya Shifta, ya waasi waliotaka kujiunga na Somalia, baada ya uhuru, kati ya mwaka 1963 na 1967. Vijiji vya Wabajuni vya bara vilishambuliwa, vingine vikahamwa kwa amri au kwa hofu, na watu wakakimbilia Pate, Amu, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi. Hapo ndipo bara ya Lamu Mashariki ilipokuwa tupu, na ndiyo sababu leo Faza, Kizingitini na Mbwajumwali zimebanana nyumba kwa nyumba huku ng'ambo yao, bara, kukiwa na ardhi kubwa isiyo na watu. Mgeni akiiona ramani hudhani ardhi ile haijawahi kuwa na mwenyewe. Ilikuwa na wenyewe, na makaburi yao yako huko.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, ambao kitovu chake ni Mpeketoni. Familia zisizo na ardhi zililetwa, nyingi zikitoka Mkoa wa Kati wa wakati huo. Walikuta pori, wakalifyeka, wakalima mahindi, pamba, mikorosho na maembe, wakajenga shule na soko. Miradi mingine ikafuata Hindi, Hongwe na Witu. Kazi waliyoifanya ni ya kuheshimiwa, na watoto wao waliozaliwa pale hawana kwao kwingine. Vilevile ni kweli kwamba walipata hatimiliki za ardhi wakati jamii nyingi za wenyeji, Waboni na Wabajuni hasa, zilikuwa hazina karatasi yoyote kwa ardhi walizozijua tangu mababu. Ukweli huo wa pili haufuti ule wa kwanza, na kila anayejaribu kuusema mmoja na kuuficha mwingine anaiumiza Lamu. Mwezi Juni 2014, Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa na zaidi ya watu 60 waliuawa. Marufuku ya kutembea usiku iliyofuata iliwabana mpaka wavuvi wa visiwani, walionyimwa bahari ya usiku kwa miaka kadhaa kwa jambo ambalo halikufanyika baharini. Kwa upande wa binti yako, mashambulizi unayoyasikia redioni yametokea zaidi bara, kwenye barabara na vijiji vya pembezoni mwa msitu. Pate ni kisiwa ambacho watu wanajuana kwa majina.

Hatua ya karibuni ni bandari. Mradi wa LAPSSET, wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012 na marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia, na gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Bandari hiyo haiko kisiwani. Iko bara, Kililana, kwenye ghuba ya Manda, palepale wavuvi walipokuwa wakitega. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Barabara, ardhi na ajira zinazoambatana na bandari ziko Lamu Magharibi, kwa hiyo sensa ijayo sitarajii ipunguze pengo baina ya pande hizi mbili.

Na hilo linaniletea swali lako la mwisho, la wabunge wawili.

Katiba ya 2010, kifungu cha 89, imeweka maeneo bunge 290, na kila moja linatakiwa kukaribia wastani unaopatikana kwa kugawa idadi ya Wakenya wote kwa 290. Miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache yameruhusiwa kupishana na wastani huo kwa hadi asilimia 40. Kwa sensa ya 2009 wastani ulikuwa 133,138, na kima cha chini kabisa kikawa kama 79,900. Lamu Magharibi ilipita kwa tundu la sindano. Lamu Mashariki, yenye watu 18,841, haikukaribia hata kidogo. Iliokolewa na masharti ya mpito ya Katiba, yaliyosema kwamba mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Maeneo bunge 27 nchini yalilindwa kwa njia hiyo, na hakuna lililokuwa na watu wachache kuliko Lamu Mashariki.

Kwa sensa ya 2019 wastani umepanda hadi 164,015. Iangalie tena idadi ya kaunti nzima: 143,920. Lamu yote, bara na visiwa, haifikii eneo bunge moja la wastani. Kwa hesabu tupu ingestahili mbunge mmoja, na kwa kuwa wapiga kura wengi wako bara, si vigumu kubashiri angetoka wapi. Ule ulinzi uliandikwa kwa ajili ya mapitio ya kwanza tu, na mapitio hayo yalishafanyika mwaka 2012.

Mimi nasimama upande wa kubakiza maeneo yote mawili. Katiba yenyewe, katika kifungu hichohicho, inaitaka tume ya uchaguzi iangalie jiografia, historia, njia za mawasiliano na maslahi ya jamii, wala haikusema watu wahesabiwe kama magunia ya mahindi ghalani. Mbunge wa kaunti nzima angetakiwa kuwafikia wakulima wa Witu, wavuvi wa Kizingitini na Waboni wa Mararani, na katika hao watatu ni mmoja tu anayefikika kwa lami. Wanaopinga wana hoja nzito nao: mkazi wa eneo bunge la wastani anauliza kwa nini sauti yake iwe ndogo kuliko ya mtu mwingine kwa sababu tu huyo mwingine anaishi kisiwani. Jibu langu kwake ni kwamba fedha za basari, vyumba vya madarasa na magati ya Faza hupitia kwenye eneo bunge hilo, na likifutwa hakuna barabara itakayoziba nafasi yake, kwa sababu hakuna barabara.

Binti yako akishazoea, anaweza kuhamishia kura yake Faza. Ajue tu kwamba kwa hesabu za 2019, katika eneo bunge hilo watu 22,258 wana mbunge wao, mahali ambapo kwingine mbunge mmoja hugawanywa na zaidi ya mara saba ya idadi hiyo. Mapitio yajayo yakipita na Lamu Mashariki ikabaki, atakuwa na sauti kubwa kuliko aliyokuwa nayo Nakuru. Ikifutwa, yeye na wanafunzi wake watakuwa sehemu ya eneo bunge moja na jirani yako wa Mpeketoni.